Waini nyekundu ambazo hakuna anayeziulizia: wapwani tuzijadili hapa

Mshika_Stoo ameandika:

Jumamosi iliyopita tulikuwa Tudor, barazani kwa rafiki yangu, maji yamekupwa na upepo umegoma kabisa. Kila mtu alikuja na chake. Mimi nikatoa chupa ya Cinsaut ya Afrika Kusini, nikaizamisha ndani ya ndoo ya barafu, barafu ile ile ya muuza samaki, watu wakaangua kicheko. "Yakhe, waini nyekundu haitiwi barafu, hukufunzwa?" Aliyesema hivyo alikuwa na Cabernet iliyoshinda mchana kutwa kwenye buti ya gari. Niliigusa ile chupa yake. Ilikuwa na joto la birika la chai ya saa nne.

Nusu saa baadaye chupa yangu ilikuwa imekwisha na yake iko nusu. Ndipo nikasema lazima niufungue uzi huu.

Nimeshika stoo ya vinywaji miaka 11 katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, jina mtanisamehe. Mgeni huagiza anachokijua: Cabernet Sauvignon, Merlot, Shiraz, basi. Chupa zenye majina magumu hukaa rafuni mpaka lebo zikapauka, kisha siku ya kuhesabu mali meneja husema "hizo gawaneni." Mimi waini nimeisomea hapo, kwenye makombo. Na makombo yenyewe, wallahi, mara nyingi yalikuwa bora kuliko kilichoagizwa.

Kwanza hili la kusema waini nyekundu hunywewa kwa "joto la chumbani". Waliosema hivyo walikaa nyumba za mawe za Ulaya, chumba kikifika nyuzi 17 watu wavua makoti. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari kina nyuzi 30, na ukipika chapati zaongezeka. Waini ikifika hapo spiriti yapanda puani, harufu ya matunda yakimbia, unabaki na moto na ukakasi.

Ukakasi, ndiyo. Vitabu husema tanini. Ni kitu kilichomo kwenye ngozi na kokwa za zabibu, hushikana na protini za mate, mdomo ukakauka kama uliopigwa msasa. Mtoto yeyote wa pwani aliyeuma bibo la mkanju anajua nazungumzia nini. Sasa, baridi huzidisha ukakasi. Kwa hiyo ukiitia barafu Cabernet nzito utaona unatafuna bibo bichi, na hapo ndipo watu wakaamua kwamba nyekundu zote hazitaki baridi. Zenye ukakasi mdogo zataka, tena sana. Nyuzi 12 mpaka 14, yaani saa mbili tatu hivi kwenye friji.

Cinsaut, zabibu ya ile chupa yangu, asili yake kusini mwa Ufaransa. Yastahimili jua na ukame, tembe zake kubwa na zina maji mengi. Kuna wakati ndiyo iliyokuwa zabibu nyekundu iliyopandwa kuliko zote Afrika Kusini, lakini walikuwa wakiichanganya kwenye waini za bei rahisi bila kuitaja, kama mpishi wa harusi anayepika masufuria kumi ya biriani na sifa zote zikenda kwa bwana harusi. Siku hizi wako wanaovuna mizabibu yake mizee wakaiweka chupani peke yake. Rangi nyepesi, waona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Ladha ni kama komamanga.

Gamay, zabibu nyengine ya Ufaransa, nayo ina kesi ya zamani. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philip the Bold, alitoa amri ing'olewe, akaiita mmea mbaya usio mwaminifu, kwa kuwa ilizaa sana na yeye alitaka zabibu ya Pinot Noir. Ikastawi kusini zaidi, kwenye vilima vya Beaujolais vyenye mawe ya matale. Ile Beaujolais Nouveau, waini changa inayotoka kila Novemba, mimi siitaki, kwangu ni sharubati. Tafuteni chupa yenye jina la mahali pake, Morgon au Fleurie. Huko wengi hutia vichala vizima kwenye pipa lenye hewa ukaa, uchachu ukaanza ndani ya tembe kabla haijapasuka. Ndiyo maana wakati mwengine wasikia harufu ya ndizi mbivu.

Na kipenzi changu: Saperavi ya Jojia, nchi ile ya Kaukazi. Zabibu nyekundu nyingi ukizimenya ndani ni nyeupe, rangi ya waini yatoka kwenye ngozi tu. Saperavi ni nyekundu mpaka ndani, na hata jina lake kwa lugha yao ni mambo ya kutia rangi. Siku niliyoionja nilimaliza glasi nikaenda kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi, nikatoa ulimi. Zambarau tupu! Nikakumbuka fimbo nilizokula kwa kuchafua shati la skuli chini ya mzambarau. Na ladha haikuwa mbali: utamu kidogo mbele, kisha ukakasi, kisha meno kushikana.

Wajojia wana mtindo wa kuchachusha kwenye mitungi mikubwa ya udongo, waiita qvevri, imezikwa ardhini mpaka shingoni na ndani imepakwa nta ya nyuki. UNESCO iliutia ufundi huo kwenye orodha ya urithi mwaka 2013. Mtungi ukiwa ardhini haubabaishwi na joto la mchana. Nyanya yangu hakuiona Jojia lakini mtungi wake wa maji ulikaa kwenye mchanga, pembeni mwa kisima, kwa sababu hiyo hiyo.

Haya, leteni zenu. Majina ambayo mhudumu hubabaika kuyatamka.

Mbishi_wa_Bamburi ameandika:

Kaka hadithi tamu, lakini waini ambayo waona vidole upande wa pili si waini, ni Vimto ya futari. Mtu nikitoa elfu mbili zangu nataka uzito. Na Pinotage umeirukaje? Hiyo ndiyo yetu Waafrika.

Mshika_Stoo ameandika:

@Mbishi_wa_Bamburi sikuiruka kwa kusahau. Nimekutana na nyingi zilizonuka mpira uliochomwa, kama gereji ya malori. Nzuri zipo, na zikiwa nzuri hasa utasamehe zote. Lakini wajua wazazi wake? Profesa Abraham Perold, Stellenbosch, mwaka 1925 alichukua Pinot Noir akaizalisha na zabibu waliyokuwa wakiiita Hermitage. Pino-tage, wapata? Alipata mbegu 4 tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba ya kazi, kisha akahama kazi na kuziacha humo. Bustani ikaota magugu. Nusura ile miche ifyekwe, mwalimu mmoja kijana akapita akaiokoa.

Na hiyo Hermitage ya Afrika Kusini ndiyo Cinsaut. Kwa hivyo wamtukana mzazi huku wamsifu mtoto.

Mbishi_wa_Bamburi ameandika:

😂 Sawa, hapo umenipata.

Mgema_Mdogo ameandika:

Mimi ni wa Rabai, nimekulia chini ya minazi. Watu wa waini huongea kama wao ndio waliovumbua kinywaji chenye uhai. Mnazi ukigemwa alfajiri ni mtamu, mtoto aweza kuulamba. Adhuhuri umeanza kuwasha ulimi. Magharibi ni mkali, na kesho yake ni siki. Umeona safari nzima kwa siku moja, wala hukuhitaji pipa wala hamira ya dukani.

Ninachouliza: kuna waini nyekundu yenye ule mchomo wa mnazi wa saa sita, vipovu vidogo vidogo? Kwa mboko na mrija nitaijaribu.

Mshika_Stoo ameandika:

@Mgema_Mdogo ipo, na swali lako limenifurahisha maana ndiyo niliyoisahau juu. Lambrusco, Italia, nyanda za Emilia, kule kwa watu wa jibini na nyama za mafuta. Ni nyekundu, ina povu, na hunywewa baridi. Lambrusco ni ukoo wa zabibu kadhaa. Ya Sorbara ni nyepesi, karibu waridi, ina uchachu wa kuamsha. Grasparossa ni nyeusi zaidi na ina ukakasi.

Sifa yake iliharibika kwenye miaka ya 1970 na 1980. Wamarekani waliipenda, ikapelekwa kwa meli na meli, tamu kama soda. Wewe mwana wa mgema wajua methali yenu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa walilitia sukari. Mpaka leo mtu wa makamo ukimtajia Lambrusco anakunja uso. Wewe soma lebo, tafuta neno *secco*, maana yake kavu.

Na nitasema jambo la kunifukuzisha mji: hakuna waini nyekundu inayokaa na biriani ya mbuzi kama Lambrusco kavu. Biriani ina samli, ina vitunguu vya kukaangwa, kachumbari, na wengine mwaongeza achari ya embe yenye pilipili. Cabernet ya asilimia 14 na pilipili ni petroli na kiberiti, spiriti na ukakasi vyote huchochea ule moto. Lambrusco ni asilimia 11 hivi, povu lafuta samli ulimini, ubaridi wapoza. Kijiko, funda, kijiko.

Kontena40 ameandika:

Mnaongea friji ya nyumbani, mimi nizungumze ya kabla haijafika. Nafanya kliaringi bandarini, Kilindini. Waini nyingi hushuka kwenye kontena kavu la kawaida, halina baridi. Stakabadhi zikichelewa, kontena lakaa yadini juani. Ukiligusa bati saa nane mchana waacha ngozi. Ndani chupa zapikwa taratibu.

Kuna mzigo niliushughulikia ukakaa siku tisa kwa ajili ya karatasi moja. Mwenyewe alipofungua boksi la kwanza nilikuwepo. Vizibo vimejisukuma juu kama vidole, chini ya vile vikofia vya foili kuna utomvu wa kunata. Akafungua moja. Harufu ya jemu iliyoungua. Waini ilikuwa ya bei, si mchezo. Aliuza hivyo hivyo, sitasema wapi.

Kwa hivyo kabla hujalipa, pitisha kidole juu ya chupa. Kizibo kikiwa kimevimba au foili haizunguki kwa kugandana, rudisha. Na jiulize, duka huizima AC usiku au huiacha? Mchana baridi, usiku joto, kila siku, ni mateso.

Mshika_Stoo ameandika:

Haya ni ya dhahabu. Hoteli yetu stoo iliwekwa nyuma ya boila la maji moto ya kufulia. Miaka miwili nililalamika. Nikaandikiwa barua ya kuambiwa nishughulike na funguo.

Bi_Mkunazi ameandika:

Asalaam aleikum. Mimi na nyumba yangu hatunywi na wala sikuja kumhukumu mtu, kila mmoja na kaburi lake. Nimekuja kwa ajili ya lugha, nimefunza Kiswahili miaka mingi.

Ukakasi mmelitumia sawasawa, nimefurahi. Lakini mwachanganya mengine. Mwanangu Mshika_Stoo, uchachu ni wa kitu kilichochachuka: maziwa, unga, wali uliolala. Embe bichi halijachachuka, wala ukwaju. Hizo zina ugwadu. Sasa hiyo Sorbara yako, ule uchachu wa kuamsha ni wa tunda lenyewe au ni wa kuvunda? Kama ni wa tunda, sema ugwadu.

Mshika_Stoo ameandika:

Shikamoo Bi Mkunazi. Umenisuta mbele za watu na sina la kujitetea. Ni wa tunda. Ugwadu, na nitaliandika ukutani stoo.

Tena umenipa pa kuiweka Xinomavro, zabibu ya Naoussa kaskazini mwa Ugiriki. Jina lake ni maneno mawili, *xino* na *mavro*, ambayo nilikuwa nikiyasema "chachu nyeusi" na kila mtu akafikiria imeharibika. Kumbe ni Ugwadu-Mweusi. Rangi yake yapauka mapema, harufu yake nyanya iliyokaushwa na zeituni, ukakasi wake haukusamehi. Hii usiinywe kavukavu, yataka mchuzi mzito wa nyanya.

Bi_Mkunazi ameandika:

Marahaba mwanangu.

Shangazi_Dodoma ameandika:

Wakuu, nimeolewa Mombasa lakini mimi ni Mgogo. Mnakwenda Jojia na Ugiriki mnaruka nyumba ya jirani? Dodoma kuna zabibu nyekundu tunaita Makutupora, jina la mahali penyewe kilipo kituo cha utafiti wa kilimo. Na sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anaamua: akipogoa, unachipua, akipogoa tena, unachipua tena.

Sitadanganya, nyingi zinazouzwa ni tamu za kuongezwa sukari. Lakini niliwahi kunywa kavu ya mwaka huo huo, imetoka friji, na nyama choma ya mbuzi. Ina kitu cha udongo mwekundu baada ya mvua ya kwanza.

Kontena40 ameandika:

Hapa Kenya pia, Naivasha wamepanda Shiraz. Na marehemu Richard Leakey, yule wa mafuvu, alikuwa na shamba la Pinot Noir huko Kajiado. Pinot Noir, karibu na ikweta! Ubishi wa mtu mzima.

Kizingo_Kwetu ameandika:

Swali la mkaa ufukweni. Sisi twala samaki siku tano kwa wiki. Nikinywa nyekundu na jodari wa kuchoma sawa, lakini na dagaa au nguru mwenye mafuta nasikia ladha ya msumari mdomoni. Ni mimi au ni waini?

Mshika_Stoo ameandika:

Si wewe. Waini nyekundu nyingi huwa na chembe za madini ya chuma, zikikutana na mafuta ya samaki ndiyo ile shombo na msumari. Si zote zilizo nacho kwa wingi, na lebo haikuambii, kwa hivyo ni kujaribu. Mimi nimepata salama kwa Frappato, ya Sisilia upande wa Vittoria, nyepesi, harufu ya maua. Na samaki wa kupaka aliyeungua kidogo kingoni, na tui limekauka juu yake, yakubali. Kwa dagaa mimi hunywa maji ya ndimu.

Mbishi_wa_Bamburi ameandika:

Nimerudi. Juzi nimenunua Carmenère ya Chile kwa sababu yenu. Yanuka pilipili hoho! Nilitaka kuirudisha, mwenye duka akaniambia ndivyo ilivyo. Kaniibia?

Mshika_Stoo ameandika:

Hakukuibia, japo huenda walivuna mapema. Hiyo zabibu ina kisa. Asili yake Bordeaux, Ufaransa. Karne ya 19 kilipoingia kile kidudu cha phylloxera kinachokula mizizi, mizabibu ikafa, na walipopanda upya Carmenère waliiacha kwa kuwa ilikuwa mvivu wa kuzaa. Wakadhani imekwisha. Kumbe kabla ya hapo Wachile walikuwa wamechukua miche na kuipanda, wakiiita Merlot. Miaka zaidi ya mia waivuna pamoja na Merlot, ilhali Carmenère huchelewa kuiva kwa wiki kadhaa. Ikitiwa ndani mbichi, ndiyo hiyo hoho. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, akapita shambani Chile akatazama ua na majani, akawaambia hii si Merlot.

Jaribu ya mkulima anayesubiri. Ile hoho yageuka kuwa kama pilipili ya kuchoma juu ya makaa, na nyuma yake kuna moshi. Kwa mishkaki, usiseme.

Pilipili manga nayo ni jambo jengine. Ukiisikia kwenye Shiraz si mapambo ya maneno. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikuta ndani yake kitu kiitwacho rotundone, hicho hicho kilichomo kwenye pilipili manga ya dukani. Sisi tuliozaliwa na pilau twapaswa kuisikia kabla ya Mfaransa.

Mgema_Mdogo ameandika:

Nimepata Lambrusco *secco*. Nimemnywesha babu, mgema wa miaka 50. Akaishikilia mdomoni, akatazama juu kwenye minazi, akasema: "Huyu amegema vizuri. Lakini amechelewa kuteremka."

Mshika_Stoo ameandika:

Hiyo ndiyo tathmini bora ya waini niliyoisoma mwaka huu.

Mbishi_wa_Bamburi ameandika:

Na mimi niliinunua hiyo hiyo, Jumapili, ya biriani. Nimeibeba kwenye boda kutoka Mtwapa, mashimo yote yale. Nimefika, nimefungua papo hapo. Kizibo kimegonga feni. Nusu ya chupa iko kwenye ukuta wa mama mkwe na nusu kwenye shati langu jeupe la kanisani. Iliyobaki tulionja vijiko viwili viwili, na nakubali, ilikuwa tamu na biriani. Sasa nisaidieni, shati latoka vipi?

Bi_Mkunazi ameandika:

Kama zambarau. Usilitie sabuni kwanza, itashika. Kamulia ndimu, tia chumvi nyingi, lianike juani mpaka likauke, kisha lifue kwa maji baridi. Rudia mara mbili.

Mbishi_wa_Bamburi ameandika:

Ahsante Bi. Na ukuta je?

Bi_Mkunazi ameandika:

Ukuta nunua rangi.